Migomba Kumi na Mmoja Nyuma ya Chumba cha Kulala

Jumapili, 4 Mei 2025

Mke wangu amehamia kwa jirani. Niandike vizuri hapa, daftari lisije likaangukia mikononi mwa mtu mwenye mdomo: amehamia kwa mama wa jirani, Koko Nasieku, bibi wa miaka themanini na ushee, katika ile nyumba yake ya udongo iliyosilibwa mavi ya ng'ombe. Siku ya nne leo. Mimi, Ndesanjo, mtunza bohari mstaafu, niliyejenga nyumba ya tofali na bati la rangi hapa Moshono, nyumba niliyoichora mwenyewe nyuma ya kalenda ya parokia! Nimeachwa kwa ajili ya mavi ya ng'ombe!

Chanzo ni ukungu. Tangu masika ya mwaka jana ukuta wa chumba chetu cha kulala unatoa madoa meusi. Nilisogeza kabati likayaficha. Yakatokea juu ya kabati. Nikatundika kalenda. Mwaka huu Pudensiana akaanza kukohoa, kisha likaja jambo jipya: mwili wake umekataa kila harufu ya dukani. Sabuni ya unga, kichwa kinamgonga. Mafuta ya nywele ya binti yetu Blessing, kifua kinambana. Ubani wa misa, akatoka akasali nje, dirishani. Hata manukato yangu ya baada ya kunyoa, yaliyosifiwa ofisini miaka ishirini, anasema yanamchoma macho.

Daktari alimsikiliza sana. Akasema ukungu unaweza kuuchokoza mwili muda mrefu mpaka uanze kukataa vitu ulivyovizoea. Aepuke harufu kali, nasi tutafute maji ya ukutani yanatoka wapi. Nilimwambia kwamba Arusha mwezi wa nne maji yanatoka mbinguni. Hakucheka.

Sasa jambo lenyewe. Jumamosi hii Mzee Sifaeli wa Tengeru na ndugu zake wanakuja kumposea kijana wao, Elinami. Wanamposa Blessing wangu! Watakuta nini? Baba peke yake sebuleni, mama wa binti analala kwa watu? Watasema nyumba hii imevunjika, wageuze gari. Leo baada ya misa Blessing alinishika mkono akaniomba jambo moja tu, mama yake awe nyumbani siku hiyo. Nimemwahidi. Siku sita zinatosha kabisa. Katika miaka ishirini na saba bohari yangu haikupoteza hata msumari mmoja, seuze mke.

Jumatatu, 5 Mei

Mambo yameanza vizuri. Nimemwita fundi Hans aje apake rangi. Si chokaa, hiyo ni ya waliokata tamaa. Rangi ya mafuta, inayong'aa, nyeupe ya maziwa.

Kabla hata ya kufungua kopo, Hans akabonyeza ukuta kwa kidole gumba. Kidole kikazama. Akasema mzee, ukuta huu unakunywa maji, twende nje tukaone.

Nje tukaona migomba yangu. Kumi na mmoja, mshare mitupu, ndizi zetu za kupika, mikungu imeinama kwa uzito. Historia yake ni hii. Migomba ya kwanza niliipanda uani. Mbuzi wa jirani Lemburis, mtoto wa Koko Nasieku, wakaimaliza kwa siku mbili. Lemburis akasema mbuzi hajui mpaka. Nikapanda mingine nyuma ya chumba cha kulala, imebanana na ukuta, mahali ambapo mbuzi hapenyi. Na kwa kuwa mgomba ni maji, nikaligeuza gata la paa, mvua yote ya bati ikashukia kwenye kamfereji nilikokachimba chini ya ukuta, mwanzo hadi mwisho. Kama kihambani, kwenye shamba la ukoo la baba yangu Kibosho. Lemburis ana mahindi na maharage tu, masikini.

Hans akatazama gata, akatazama mfereji, akatazama migomba. Akasema ugonjwa ni huu hapa. Nikamwambia ameitwa kupaka rangi, hakuitwa kupima migomba. Kama mgomba ungeozesha nyumba, Wachaga tungekuwa tumekwisha zamani. Akainua mabega, akapaka rangi mara mbili. Ukuta ukang'aa mpaka nikajiona sura.

Jioni nikamwita Pudensiana aje ashangae. Alifika mlangoni, akashika kichwa kwa mikono miwili, akarudi kwa Koko. Blessing akanitazama. Nimemweleza kwamba rangi hukauka.

Jumanne, 6 Mei

Rangi haijakauka. Inanuka mpaka barabarani.

Lakini harufu huondolewa na harufu, hilo ni wazi. Nimekata vitunguu nusu nusu, nikajaza ndoo. Nimemwaga mkaa chini ya kitanda. Nimechoma kahawa kwenye kikaango. Nimetupa zile tembe nyeupe za kufukuza mende ndani ya kabati, paketi tatu. Mwisho nikapulizia dawa ya chupa yenye harufu ya waridi, chupa nzima. Kwa hesabu yangu zilipaswa kufutana.

Hazikufutana. Zimeshirikiana. Nimepiga chafya mara kumi na saba, lakini mimi nina pua nyepesi tangu utoto.

Lemburis alikuja uzioni akauliza kuna nini huku, maana mbuzi wake wamegoma kupita upande huu. Wamegoma! Miaka mitatu nimetafuta dawa ya mbuzi wale. Nimeandika ushindi wa kwanza.

Baadaye Blessing akaleta ujumbe wa mama yake. Anasema upepo ukishuka kutoka mlimani harufu inamfikia hata kule, tafadhali nitoe vitu vyote na nifungue madirisha. Nimefungua moja. Nusu.

Alhamisi, 8 Mei

Rangi imetoa malengelenge. Nililitoboa moja kwa kalamu hii ninayoandikia, yakatoka maji. Pembeni ya kabati ukungu umerudi, umepita juu ya rangi bila haya. Nimelisogeza kabati tena.

Nimebadili mkakati. Nimekaa nikafikiri kwa utulivu, nikagundua kwamba tatizo si nyumba. Tatizo ni wageni. Pudensiana akiweza kuvumilia chumba saa mbili tu, halafu waingie watu wamejipaka manukato, kazi yangu yote itakuwa bure. Basi nimetunga masharti tisa nikayatuma kwa simu Tengeru. Wageni wasijipake manukato. Wasijipake mafuta ya nywele. Nguo zisifuliwe kwa sabuni ya unga wiki hii. Viatu visipigwe rangi. Na kadhalika. Nikamalizia: Karibuni sana, mjisikie mko nyumbani.

Saa sita Mzee Sifaeli akapiga simu. Mtu mpole sana. Akauliza kama wanakuja kuposa au wanaingia chumba cha upasuaji. Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema dada yake, Susana, ndiye shangazi wa kijana, ameuliza kama Wachaga wanaona Wameru wananuka. Nikasema la hasha! Akasema watakuja, kwa kuwa kijana anampenda binti, akakata.

Kumbe Elinami alishampigia Blessing kabla. Blessing anaosha vyombo na kila kikombe kinatua kwa kishindo. Hajanisemesha tangu mchana. Hilo limeniuma, sitaficha. Lakini kiongozi hukubali kuchukiwa kwa muda.

Ijumaa, 9 Mei

Leo nimepata jibu! Sijui lilikuwa wapi siku zote.

Asubuhi nilikwenda kwa Koko kumsabahi mke wangu. Nikamkuta kwenye kigoda mlangoni, wanapukuchua maharage, Koko anamsimulia jambo na Pudensiana anacheka. Anacheka kicheko kizima, bila kukohoa katikati. Sijakisikia kicheko hicho tangu Februari. Nilifurahi. Halafu nikaona wivu. Kuonea wivu nyumba ya udongo, mimi!

Aliniambia taratibu kwamba anakikumbuka kitanda chake, kwamba hakunikimbia mimi. Akasema, “Baba Blessing, ni ule ukuta.” Nikamwambia asiwe na shaka, aniachie.

Njiani kurudi, hatua arobaini tu, akili ikafunguka. Nyumba ya Koko haina rangi, haina sabuni. Jikoni kwake ni banda la nje, moshi hauingii. Ndani kuna nini basi? Kuna mavi ya ng'ombe ukutani! Mwanamke anapumua vizuri kwenye mavi. Kwa hiyo dawa ni mavi. Daktari amesoma miaka yote ile na hakuliona hilo.

Nimemwomba Lemburis matoroli mawili ya mavi. Akauliza ya nini, nikasema ya migomba. Nikajifungia chumbani nikasiliba kwa mikono yangu, juu ya rangi, ukuta mzima, mpaka saa saba. Mgongo umekufa. Lakini ukuta ulipendeza, wa kijani kilichokolea.

Kisha nikasikia fimbo inagonga dirisha. Koko Nasieku! Nikamwamkia shikamoo. Alitazama mikono yangu, akatazama ukuta, akacheka mpaka akaketi chini kwenye majani yenye unyevu. “Mwanaume anasiliba nyumba!” akasema. “Lemburis, njoo uone, mwanaume anasiliba!” Kumbe kwao hiyo ni kazi ya wanawake tangu dunia iumbwe. Akaongeza kwamba sikuchanganya majivu, na kwamba mavi hayashiki kwenye mafuta. Alipokuwa anasema hivyo bonge moja likateleza likaangukia mto wa kitanda.

Nimemwambia kufikia kesho yatakuwa yameshika.

Jumamosi, 10 Mei

Niandike haraka kabla sijaanza kuipamba habari.

Saa nne wakafika. Nikasimama getini kuwanusa. Mzee Sifaeli, kola ya shati: sabuni ya mche, safi. Nikampitisha. Mdogo wake: tumbaku kidogo. Nikampitisha kwa onyo. Elinami: maji matupu, kijana mtiifu, atafaa. Shangazi Susana akashuka mwisho, na manukato yake yakatangulia. Alikuwa amejipaka chupa nzima, kwa makusudi, macho yake yaliniambia. Nikamwomba aketi karibu na dirisha. Aliketi, hakuniangalia tena.

Sebuleni wakaanza kupiga chafya kwa zamu. Rangi, waridi, tembe za mende na mavi. Mzee Sifaeli akauliza kwa adabu kama tunafugia ndani. Nikasema ni mbolea, nyumba hii ina migomba. Blessing akaleta mtori. Mzee akausifu! Akauliza ndizi za wapi. Nikasema za hapahapa, hatua moja kutoka kitandani kwangu. Wakati huo nilikuwa juu.

Kisha akauliza mama wa binti yuko wapi. Nikasema yuko jikoni. Palepale, kutoka ng'ambo ya uzio, ikasikika sauti ya Pudensiana akiwafokea mbuzi watoke kwenye maharage ya Koko. Elinami akageuza shingo. Blessing akainamisha kichwa. Nikasema jikoni kwetu ni pakubwa.

Mzee akapendekeza tuombe kwanza. Alipofunga macho, mbingu zikafunguka. Mvua ya Mei, ya kumwaga kwa ndoo. Nikalisikia gata langu linafanya kazi, likishusha maji yote kwenye mfereji. Tulipofika kwenye kuwaombea wazazi wa pande zote mbili, kikaja kishindo kutoka chumbani. Mavi, rangi, plasta na kabati, vyote kwa pamoja. Halafu maji yakaja. Yalipita chini ya mlango taratibu, ya kijani, yakavuka zulia, yakafika kwenye viatu vya Mzee Sifaeli. Akainua miguu bila kukatisha sala. Namheshimu sana mtu huyo.

Tukasema amina tukiwa wote tumeinua miguu. Blessing alikuwa analia bila sauti. Nilitafuta mpango. Kwa mara ya kwanza wiki hii sikuupata.

Ndipo Lemburis akatokea mlangoni, gunia kichwani. Akasema mama yake ameagiza wageni wote wahamie kwake, barazani ni pakavu, na mama wa binti anawasubiri.

Basi binti yangu ameposwa kwenye baraza ya mtu ambaye mbuzi wake walikula migomba yangu. Pudensiana alikuwa amevaa kitenge chake cha bluu, amesimama upande upepo unakotoka. Hakuficha kitu. Aliwaeleza mwenyewe habari ya ukungu, na jinsi harufu ndogo tu inavyombana kifua. Akaomba radhi kwa masharti tisa, akasema niliyaandika kwa kumpenda ila kwa kichwa kibovu. Akasema hakukimbia mume, alikimbia ukuta.

Shangazi Susana akasimama. Nikajua tumekwisha. Akaenda bombani kwa Lemburis, akavua kitambaa chenye manukato, akajiosha shingo na mikono mvuani, muda mrefu, akarudi akaketi karibu na Pudensiana. Siku mbili nilikuwa nimejiandaa kumchukia mwanamke huyo. Ikashindikana.

Mzee Sifaeli, ambaye kumbe amefundisha kilimo cha bustani maisha yake yote, alikuwa ameiona migomba wakati tunatoka. Akasema ni mizuri sana. Halafu akasema mgomba ni rafiki wa tumbo, si rafiki wa ukuta. Hans alisema hayohayo, ila Hans hakuwa amevaa koti.

Posa imepokelewa. Watu wakapiga vigelegele. Ndipo Pudensiana akanigeukia mbele ya wakwe wote. “Baba Blessing, kurudi narudi. Lakini nikute ukuta peke yake.”

Nikasema sawa. Koko akanipigia makofi.

Jumapili, 11 Mei

Nimekata. Yote kumi na mmoja, kwa panga langu mwenyewe. Macho yalitoka machozi, nikamwambia Blessing ni utomvu. Hans amefukia mfereji na kulirudisha gata lielekee barabarani. Tumetoa chumbani kila chupa, kila tembe, kila kitunguu. Plasta yote itabanduliwa, ukuta uachwe wazi ukauke, upakwe chokaa.

Lemburis aliomba majani. Nilimpa. Mbuzi wake wamekula migomba yangu mara ya pili, na safari hii nimewafungulia geti mimi.

Jumamosi, 12 Julai

Niliacha kuandika kwa sababu ya furaha. Pudensiana amerudi! Wiki mbili sasa. Ukuta umekauka, chokaa nyeupe, madirisha wazi hata na baridi hii ya Julai. Bado harufu zinamsumbua, daktari amesema itachukua muda, pengine mrefu. Tunafulia sabuni isiyo na harufu kabisa. Manukato yangu nimempa Lemburis, ambaye anajipaka siku ya kuuza mbuzi. Jana Pudensiana alicheka kitandani mpaka akaniamsha, alikuwa amemkumbuka Koko na ile fimbo yake dirishani. Nilijifanya nimekasirika. Harusi ni Septemba, na mwaliko umeandikwa kwa adabu kwamba wageni waje bila manukato. Ameuandika Susana. Mimi sikuruhusiwa.

Nimejifunza mengi. Nayaandika hapa ili yawafae wanangu: usipande mgomba nyuma ya chumba cha kulala.

Kwa hiyo huu mmoja nimeupanda nyuma ya stoo. Ni chipukizi tu, nililificha kwenye gunia siku ile ya panga. Ungeachwa uani mbuzi wangeula. Hapa umebanana na ukuta, salama kabisa. Maji ya gata nimeahidi sitayagusa, na sijayagusa. Haya ninayoumwagilia ni ya kufulia. Nimeuchimbia kamfereji kadogo, hakaonekani kwa mtu asiye mhandisi. Hakuna anayelala stoo. Ni mimi tu ninayekaa humu kila siku, mezani, na daftari langu.

Jambo moja tu. Tangu wiki iliyopita kichwa kinanigonga nikikaa kuandika. Macho yanawasha. Jana Blessing alipita mlangoni na kitambaa alichokipiga pasi, nikakohoa mpaka nikashika meza. Nimechunguza stoo yote kwa makini. Hakuna kitu, isipokuwa kidoa cheusi ukutani nyuma ya kiti, ambacho ni wino. Nimekitundikia kalenda.

Lakini nimeshampata mhalifu. Ni ile sabuni ya Pudensiana isiyo na harufu. Mwili wangu hauivumilii. Kesho baada ya misa nitamwambia kwa upole kwamba katika ndoa kila mmoja hujitoa kidogo, na kwamba itabidi aiache.